Dola elfu moja kwa taarifa moja? Namna ya kuachana na waya na kujisambazia mwenyewe

Kuna siku bosi aliniwekea invoisi mezani akaniuliza, hivi hii dola elfu na kitu tulinunua nini? Nikamfungulia ripoti ya ile kampuni iliyotusambazia taarifa yetu kwa vyombo vya habari (huduma hizi ndo tunaziita waya), imejaa orodha ya tovuti zaidi ya mia mbili, vituo vya TV vya vimji vya Marekani ambavyo mimi na yeye hatujawahi kuvisikia, vyote vimebandika taarifa yetu neno kwa neno mpaka na namba ya simu ya ofisi. Akaperuzi kurasa mbili tatu, akauliza, na Mwananchi? Sikuwa na jibu. Mwananchi hawakuwa nayo, Nipashe hawakuwa nayo, na sisi tulikuwa tunatangaza mradi wa wakulima wa Morogoro.

Basi tangu hapo ndo nikaanza kuhangaika na hizi programu za PR, yaani mahusiano ya umma, zinazokuwezesha kutunza orodha ya waandishi, kutuma, kuwa na ukurasa wa habari na kufuatilia nani kaandika, vyote sehemu moja. Nimekosea sana njiani kwa hiyo naandika hapa ili we usirudie yangu.

Kwanza elewa unachokilipia. Hizi huduma tunaziita waya kwa sababu zilianza ni waya kweli. PR Newswire ilianza New York mwaka 1954, Business Wire ikafuata San Francisco 1961, na kazi yao ilikuwa kuunganisha mashine za kuchapa kwa mbali ndani ya vyumba vya habari, ukiwapelekea karatasi yako, wahariri kibao wanaipata kwa wakati mmoja. Enzi hizo mtu mwingine gani angekufanyia hivyo? Bei ilikuwa na maana. Saivi mashine hazipo ila bei imebaki na biashara imezidi kunona, Business Wire iko chini ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett tangu 2006, na PR Newswire ilinunuliwa na Cision, kampuni ya programu za PR, kwa dola milioni 841, dili likakamilika 2016. Sio matapeli hawa, naomba tuelewane. Ila jinsi wanavyochaji ndo inaumiza: kwa kawaida unalipia maneno 400 ya mwanzo, ukizidisha kila maneno mia ni hela nyingine, picha hela nyingine, ukitaka nchi nyingine hela nyingine. Sasa we fikiria bosi akisema ongeza na nukuu ya mwenyekiti wa bodi, nukuu hiyo ina aya mbili, unajikuta unalipia heshima za mwenyekiti kwa dola.

Na unapata nini? Ukiondoa maneno matamu ni vitu vitatu. Cha kwanza ni kuifikisha habari kwa wote kwa dakika ileile, jambo ambalo ni muhimu kwa makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Marekani, kule tangu mwaka 2000 kuna kanuni inayokataza kumpa mwekezaji mmoja taarifa nyeti kabla ya wengine. Lakini hata kule mambo yamelegea, mwaka 2010 Google wenyewe waliacha kumwaga matokeo yao yote ya fedha kwenye waya wakawa wanaelekeza watu kwenye ukurasa wao wa wawekezaji, na 2013, baada ya bosi wa Netflix wa wakati huo, Reed Hastings, kuandika takwimu za kampuni kwenye Facebook yake, msimamizi wa masoko wa Marekani akasema mitandao ya kijamii inaruhusiwa mradi wawekezaji wameambiwa mapema waangalie wapi. Cha pili ni hizo kopi za tovuti mia mbili. Cha tatu ilikuwa zile linki za kukupandisha kwenye Google, ila tangu 2013 Google walishasema linki za kupachikwa kwenye taarifa kama hizo kwa ajili ya kujipandisha ni ujanja usiokubalika, kwa hiyo mtu akikuuzia waya leo kwa hoja ya Google mwambie amechelewa zaidi ya miaka kumi.

Kuna na hoja ya usiri, kwamba ukiwapa waya taarifa mapema iko salama. Agosti 2015 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi ya wadukuzi waliokuwa wameingia kwenye mifumo ya waya tatu kubwa na kuchota taarifa kama 150,000 kabla hazijatoka, wakawa wanawauzia watu wa kununua hisa. Sisemi programu nyingine haidukuliwi, nasema tu usilipie usiri kama vile ni kitu cha uhakika.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali: kama kampuni yako imeorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar au Nairobi, fuata mdhibiti wa soko lako na sio mimi. Kenya kwa mfano faida ikionekana itashuka kwa asilimia 25 au zaidi lazima utangaze, na namna ya kutangaza imepangwa. Hayo mambo muachie mwanasheria na katibu wa kampuni, huku kwetu tunaongelea habari za kawaida, bidhaa mpya, mradi, ripoti, ufadhili, uteuzi.

Haya tuanze kazi. Kabla hujanunua chochote kaa na invoisi zako za mwaka mzima. Andika kila taarifa mliyotuma, pembeni yake weka habari za kweli zilizotoka, namaanisha mwandishi mwenye jina lake aliyekaa akaandika, au redio iliyowapigia, kopi za mashine usihesabu kabisa. Alafu pembeni tena andika huyo mwandishi aliipataje. Mimi kwangu zilikuwa taarifa sita, habari za kweli mbili, na zote mbili zilitoka kwa ripota niliyempigia simu mwenyewe. Hiyo karatasi moja ndo iliyomfanya bosi akubali, sikuhitaji kuandaa slaidi hata moja.

Sasa orodha, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo watu wanaporuka. Programu yoyote ya PR ni kabati tu, ukiwa huna nguo kabati la bei gani litakusaidia nini? Majina sitini unayoyajua yana faida kuliko elfu tano ya kununua. Chukua wiki mbili, soma magazeti, sikiliza redio, fungua tovuti, kila ukikuta habari inayofanana na mambo yenu andika jina la mwandishi. Nani anaandika kilimo pale Mwananchi, nani anaandika mabenki The Citizen, nani wa afya HabariLeo, nani BBC Swahili na DW Kiswahili wanafuatilia Tanzania, kama mna kazi Kenya basi na Taifa Leo na wenzao. Usidharau redio za mikoani wala waandishi wa kujitegemea wa mikoani, maana wale ndo wanafika shambani, wa Dar mara nyingi anangoja umpelekee gari. Na watu wa YouTube na Instagram wenye wafuasi wanaopenda mambo yenu nao waingie.

Kila jina liwe na vitu hivi: chombo, anaandika nini hasa, Kiswahili au Kiingereza, anapenda kupokelewa wapi, yaani imeili, WhatsApp au simu, siku au saa anazobanwa, mliongea lini mwisho na aliandika nini. Hiyo ya mwisho ndo dhahabu. Ukimtumia mtu ujumbe unaoanza na "niliona ulivyoandika bei ya mbaazi mwezi uliopita" anajua humtumii kila mtu.

Orodha za kununua achana nazo, waandishi wanahama sana, leo ni ripota wa biashara kesho ni afisa mawasiliano wa benki na anatuma taarifa kama wewe. Alafu kuna sheria, Kenya wana sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na sisi Tanzania ni ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mwandishi ni taarifa binafsi kama ya mtu mwingine yeyote. Akisema nitoe, mtoe siku hiyohiyo, usimwekee maswali.

Ukishakuwa na orodha ndo ukachague programu. Zipo ngazi tofauti. Kuna wakubwa kama Cision, Meltwater na Muck Rack, hawa wanakuuzia na databezi ya waandishi wa dunia nzima na ufuatiliaji wa habari. Kuna wa kati kama Prezly ya Wabelgiji na Prowly ya Wapolandi ambayo tangu 2020 iko chini ya Semrush, hawa nguvu yao ni ukurasa wa habari, kutuma na kutunza mawasiliano. Alafu kuna njia ya kuungaunga ambayo nitaisema chini. Mtihani wangu kwa yeyote anayejisifia databezi ni mmoja tu: andika majina kumi ya waandishi wa hapa unaowajua wewe, mwambie muuzaji ayatafute mbele yako kwenye simu ya video. Sio akutumie kesho, hapohapo. Angalia wangapi wapo, wangapi bado wako chombo kilichoandikwa, wangapi imeili ni sahihi. Ukimaliza huo mtihani utajua kama databezi yake unailipia au unaiacha, na mara nyingi kwa mtu wa huku orodha yako ya wiki mbili itashinda.

Vitu vya lazima ni vinne na viongee vyenyewe kwa vyenyewe: mawasiliano, ukurasa wa habari, kutuma, na kurekodi kilichotoka. Maana ya kuongea ni hivi, ukifungua jina la ripota uone ulimtumia nini, alibofya nini, aliandika nini, bila kufungua mafaili matatu. Kama programu haifanyi hivyo basi unanunua barua pepe ya bei ghali. Uliza pia bei ni ya mtu mmoja au ya ofisi nzima, ukiondoka unaweza kuchukua orodha yako kwenye faili la Excel (wakisitasita hapo kimbia), na mkataba ni wa mwezi au mwaka. Wakubwa wengi wanataka mwaka na unajirudia wenyewe usipoandika barua ya kusitisha mapema, kwa hiyo siku unayosaini ndo siku ya kuweka kengele kwenye kalenda. Na kwa sababu ni malipo ya dola kwenda nje muulize mhasibu habari ya kodi ya zuio (ile ya kukatwa kwenye malipo yenyewe) kabla, sio baada.

Kama mnatuma taarifa tatu au nne tu kwa mwaka, kwa kweli usinunue chochote. Tovuti yenu ya WordPress iongezewe sehemu ya habari, orodha ikae Google Sheets, kutuma tumia Brevo au Mailchimp, kufuatilia tumia Google Alerts ambayo ni bure. Inachosha kidogo ila inafanya kazi, mimi nilikaa nayo miezi mitano kabla ya kulipia programu.

Kuna kazi moja ya kiufundi ambayo usipoifanya yote haya ni bure, nayo ni kuthibitisha domeini yenu, yaani lile jina linalokuja baada ya alama ya @ kwenye imeili zenu. Mwambie mtu wa IT aweke SPF, DKIM na DMARC (vitambulisho vinavyoonyesha imeili imetumwa kwa ruhusa yenu) kwa ajili ya hiyo programu mpya, ni mistari michache tu kwenye mipangilio ya domeini, programu yenyewe itampa cha kubandika. Bila hivyo imeili inatoka kwenye seva za watu wengine ikijidai ni ya kwenu, na Gmail inaitupa kwenye spamu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, anayetuma zaidi ya imeili 5,000 kwa siku lazima awe na vyote vitatu na njia ya kujitoa kwa bofyo moja, na wanaomripoti kama spamu wasifike asilimia 0.3. We hutafika huko kwa waandishi sitini, ila ukijiweka sawa mapema hupotezi kitu. Na tafadhali usitume kwa kujaza majina ya watu kwenye CC. Niliwahi kuwa kwenye imeili moja ya aina hiyo, waandishi kama tisini wanaonana majina na anwani za imeili, mmoja akajibu wote "mnitoe", wa pili akajibu wote "na mimi", ikaendelea hivyo siku mbili, habari yenyewe hakuna aliyeikumbuka.

Ukurasa wa habari sasa. Tuna ugonjwa hapa nyumbani wa kuandika taarifa kwa umma kwenye karatasi yenye nembo, kusaini, kugonga muhuri, kuskani ikiwa imepinda kidogo, na kuirusha kwenye magrupu kama picha. Muhuri unapendeza, lakini mwandishi mwenye habari nne za kumaliza kabla ya jioni ataanza kuichapa upya yote? Weka maandishi ya kawaida yanayokopika. Kama mkubwa anataka muhuri wake weka na hiyo skani chini, kila mtu afurahi. Weka picha mbili tatu za ubora mkubwa za kudownload, kila moja na maelezo kamili, nani yuko kushoto, cheo chake, wapi na lini, sio "viongozi mbalimbali wakiwa kwenye picha ya pamoja". Weka sauti ya sekunde thelathini au arobaini ya msemaji wenu akiongea Kiswahili kizuri, watu wa redio watakupenda mpaka basi, maana hawana haja ya kukutafuta. Weka namba ya mtu anayepokea simu hata Jumamosi. Na ukurasa uwe mwepesi, waandishi wanatumia bando lao wenyewe.

Kiswahili kiandikwe Kiswahili. Sio utafsiri ile ya Kiingereza ambayo tayari imejaa "tunayo furaha kubwa kutangaza", andika upya kwa kuanza na kinachomgusa msomaji, kwamba wakulima 400 wa Kilosa watauza mpunga kwa mkataba kuanzia msimu huu, halafu jina la kampuni lije baadaye. Kwa waya usingeweza kufanya matoleo matatu bila kulipa mara tatu, hapa unaandika hata matano.

Siku ya kutuma gawa orodha. Wa kilimo wanapata toleo la kilimo, wa biashara wanapata lenye hesabu, redio wanapata linki ya sauti juu kabisa. Imeili yenyewe iwe fupi, aya mbili tatu na linki, hakuna kiambatanisho cha MB 12. Kichwa cha imeili kiwe habari, usiandike "TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI" kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba. Tuma asubuhi mapema kabla vikao vya wahariri havijaanza, mimi hutuma saa moja na nusu, kwa sababu habari yako inatakiwa iwepo wakati ripota anaulizwa leo una nini. Kama ni habari ya kuzuiliwa mpaka saa fulani, mpe mapema yule tu unayemwamini na uthibitishe kwanza saa ambayo ukurasa utajiweka hewani wenyewe, mimi iliwahi kunikosesha kwa sababu saa ya programu ilikuwa bado ya Ulaya, nikachapisha kwa kuchelewa masaa mawili. Badilisha iwe saa za Afrika Mashariki siku ya kwanza.

WhatsApp inakuja baada ya imeili, mtu mmoja mmoja, mstari mmoja na linki. Magrupu ya waandishi yaache mwisho, habari iliyoanzia kwenye grupu kila mtu anaona mwenzake ameshaichukua. Utasikia pia kwamba bila bahasha haitoki. Nauli ya kumleta mtu kwenye tukio la mbali naielewa, kulipia habari itoke hapana, na kwa uzoefu wangu habari nzuri yenye picha nzuri na mtu wa kuhojiwa anayepokea simu inatoka.

Kwenye kufuatilia, usilewe na asilimia ya waliofungua imeili. Programu inahesabu kwa kapicha kadogo kasikoonekana, na tangu 2021 simu za iPhone zinaweza kukapakua zenyewe hata mtu hajafungua kitu, kwa hiyo namba inavimba bure. Angalia waliobofya, waliopakua picha, waliojibu. Aliyepakua picha na hajaandika ndo wa kumpigia, mara moja, ukiuliza kama kuna kitu kimepungua. Ukipiga mara tatu umeshakuwa kero. Kumbuka pia hakuna Google Alerts inayosikia redio ya Iringa wala kusoma gazeti la karatasi, nunua magazeti ya siku hiyo na ya kesho yake, na uwe na ndugu au rafiki mikoani wa kukurekodia, alafu yote yaingie kwenye programu kwa mkono.

Usikate waya ghafla. Miezi mitatu endesha vyote, taarifa moja ipite waya na kwako, inayofuata ipite kwako tu, ulinganishe kwa ile karatasi yako ya mwanzo. Na ukiwa na habari inayotakiwa ifike nchi kumi za Afrika au wawekezaji wa New York, nenda ukalipie hiyo moja, kuna hata APO Group ambao tangu 2007 kazi yao ni kusambaza taarifa za Afrika. Kulipia mara moja kwa mwaka kwa sababu maalumu ni tofauti kabisa na kulipia kwa mazoea.

Siku ya kufunga akaunti ya waya, kabla hujatuma barua ya kusitisha, shusha ripoti zote za zamani, taarifa zote na picha zake uweke kwenye ukurasa wako mpya kwa tarehe zake za awali. Mimi nilisahau hilo, nikaja kukumbuka akaunti imeshafungwa, taarifa ya uzinduzi wetu wa kwanza nikaja kuiokota kwenye tovuti ya kituo cha TV cha kimji fulani cha Marekani.